Stika ya Hakuna Maji

Katika ploti yetu ya Tassia, Nairobi, maji ni mgeni wa heshima. Hayaji bila kutangazwa, na yakiondoka pia hutangazwa. Mwenye kazi ya kutangaza ni keateka, msimamizi wa ploti, mwanamume mwenye funguo nyingi kiunoni na miguu miepesi sana wakati wa kudai kodi. Ukimwuliza habari ya taa ya ngazi iliyoungua tangu mwaka jana, atakuambia fundi yuko njiani. Zamani alikuwa akisimama chini penye tangi na kupaza sauti, "Maji inaenda!" na sauti hiyo ilifika mpaka orofa ya juu kabisa. Siku hizi kuna grupu la ploti kwenye simu. Yeye anatangaza humo, wapangaji wanajibu humo, na mimi sisomi kitu.

Sisomi kwa sababu simu yangu ni mulika mwizi, ile ya vibonyezo yenye tochi kichwani. Mimi huuza sweta za shule za mitumba soko la Gikomba, na anayefanya kazi Gikomba na simu ya kioo mfukoni anawatunzia wengine tu. Ya kwanza niliibiwa nikiwa nimeinama kufungua belo la mitumba. Ya pili niliibiwa nikiwasimulia wenzangu jinsi ya kwanza ilivyoibiwa. Baada ya hapo nikasema basi. Hii niliyo nayo sasa hata ikidondoka mtaroni, mtu ataiokota na kunirudishia kwa huruma.

Habari za maji nilizipata kwa jirani wa orofa ya chini yangu, mama wa Kiislamu anayeuza madera na mashuka. Akisoma ujumbe wa keateka hutoka na mwiko wake, hugonga chuma cha ngazi, na kuniita, "Mama, jaza! Inaenda!" Nami najaza kila chombo nilicho nacho, hadi sufuria ya chai. Kwa mpango huo niliishi vizuri, nikiwacheka watu wanaotembea wameinamisha vichwa kwenye vioo mpaka wanagonga nguzo.

Kwa hiyo kwa muda mrefu sikujua kwamba keateka alikuwa ameacha kuandika "Hakuna maji." Alikuwa anatuma uso wa binti yangu.

Acha nieleze uso huo ulifikaje huko. Mwanzo wa mwaka binti yangu alikuwa anaingia gredi ya saba katika shule mpya, na shule hiyo ilikuwa na sheria moja iliyoipenda kuliko hesabu: msichana aje na nywele fupi. Krismasi tulikuwa Kitui kwa mama yangu, na mtoto alirudi Nairobi amesukwa mistari myembamba iliyonyooka mpaka kisogoni. Shule ilipokaribia kufunguliwa nikampeleka kwa kinyozi wa chini ya ploti, kwenye kibanda cha mabati kilichobandikwa picha za vichwa vya watu tusiowajua. Nikamwacha kwenye kiti, nikaenda kutafuta soksi.

Kinyozi huyo ni kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, na ana desturi yake. Kila kichwa anachomaliza hukipiga picha na kukiweka kwenye stetasi ya simu yake, ili watu wa Tassia na Pipeline waone kazi. Hiyo ni biashara, na mtu wa biashara kama mimi hawezi kumlaumu. Ila siku hiyo hakungoja amalize. Binti yangu alianza kulia wakati upande mmoja ulikuwa umeshanyolewa na upande wa pili bado una mistari yake. Mdomo wazi, macho yamefinywa, kamasi iko njiani. Kinyozi akaona hiyo ni picha yenye mvuto, akaiweka na maneno, "Shule ndiyo hiyo, leta wako." Kama tangazo, ilifanya kazi, lazima niseme, kwa maana wiki hiyo kibanda kilijaa watoto hadi nje.

Mtu fulani wa ploti yetu, na mpaka leo hakuna aliyekubali kuwa ni yeye, akachukua picha ile, akakata kibanda na mashine, akabaki na uso peke yake, akautengenezea stika. Maji yalipopotea akaituma kwenye grupu. Watu wakavunjika mbavu. Yalipopotea tena, wengi wakaituma. Mwisho keateka, ambaye hapendi kazi ya ziada, akajiuliza kwa nini ahangaike na herufi zote zile. Akawa anatuma stika tu, na ploti nzima ikaelewa. Mtoto akilia, chukua mtungi.

Sasa watoto wa kwetu, jioni, hufanyia kazi za shule kwenye simu za wazazi. Waliokuwa wakisoma pamoja na binti yangu wakaiona, wakaipeleka darasani kwa midomo yao. Baada ya muda jina lake halisi lilitumiwa na walimu peke yao. Wengine wote walimwita Hakuna Maji. Akipita penye mabomba ya shule, wenzake walikuwa wanayafunga kwa haraka na kufinya macho yao kama wanalia.

Haya yote sikuyajua. Niliona dalili, nikazisoma kwa akili yangu ya sokoni. Alianza kujifunga leso kichwani hata ndani ya nyumba, nikasema ni ujana. Akawa hataki kutumwa dukani, nikasema ni uvivu, na uvivu huo ni wa upande wa baba yake. Akaacha kwaya ya kanisani aliyokuwa akiipenda sana, na hapo nikasema ni shetani, nikamwombea.

Kisha shule ikaita wazazi. Tuliambiwa mkutano ni wa uonevu shuleni na usalama wa watoto mtandaoni. Tulipangwa kwenye viti vya plastiki chini ya tenti, na mwalimu wa ushauri, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, akaanza kutueleza mambo mazito. Mbele yangu baba mmoja alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali kila neno, huku kidole chake kikipandisha video za mpira juu ya paja. Mwalimu akauliza, "Nani hapa anaweza kusema anajua mtoto wake anakutana na nini mtandaoni?"

Nikainuka. Hakuna aliyenisukuma.

"Mwalimu, mimi sina shida hiyo," nikasema. Nikatoa mulika mwizi, nikaiinua juu, nikawasha tochi ili hata wa nyuma waone. "Simu yangu ni hii. Na mtoto wangu hana yoyote. Kwangu mtandao hauna pa kuingilia. Wazazi wenzangu, tuwaachie wenye pesa hayo mavioo."

Watu wakacheka, nami kichwa kikanivimba. Nikaongeza mawili matatu kuhusu akina mama wanaopika wakiangalia simu mpaka ugali unakuwa uji. Lakini kicheko kile hakikuishia pale vicheko vinapoishia. Wengine walitazama simu zao, wakanitazama mimi, wakaangalia tena simu zao. Jirani yangu wa madera alikuwa amejifunika uso na ncha ya mtandio, akitazama nyasi.

Mkutano ulipokwisha akanivuta kando ya ukuta wa jiko la shule. "Mama, usinikasirikie," akasema. "Kwani wewe hujawahi kuiona?"

"Kuona nini?"

Akanipa simu yake. Nikamwona binti yangu, mdogo kama stempu, analia. Chini yake yuko tena, analia. Chini yake tena, na keateka, na mama wa kona, na mzee mchongaji wa orofa ya juu kabisa, ambaye alikuwa ameituma mara kadhaa mfululizo kwa sababu ya furaha ya kujua namna. Ukurasa mzima ulikuwa mtoto wangu na maji.

Nilikasirika, nikaona haya, nikamhurumia mtoto wangu, na katika hayo yote hasira ndiyo iliyowahi mdomoni. "Na wewe umetuma?"

"Nimetuma," akasema. Hakujificha. "Wallahi nilidhani unajua. Nilidhani hata yeye anajua ni mchezo." Akaifuta mbele yangu, kisha akanisimulia mambo ya mabomba ya shule, kwa sababu binti yake alikuwa amemwambia asubuhi hiyo. Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Nilimkuta binti yangu amepanga begi. Lilikuwa juu ya kitanda, limefungwa, na viatu vya Jumapili vimefungwa juu yake kwa kamba.

"Naenda kwa Cucu, Kitui," akasema. "Likizo fupi ni Alhamisi. Naenda, na sirudi."

"Na shule?"

"Hata huko kuna shule."

"Huko pia hakuna maji," nikasema.

Nilidhani ni utani wa kupoza mambo. Mtoto alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Na kwa kuwa nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, mlango wenyewe ni pazia. Kulibamiza pazia si kazi rahisi, lakini aliweza.

Nikampigia baba yake, ambaye huendesha trela na wakati huo alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Malaba. Aliposikia habari yote akasema, "Wacha aende tu. Atatulia huko." Yeye ni mtu mwema, lakini amezoea kuishi na familia kwa sauti ya simu, na haoni ubaya wake. Mimi nina mtoto mmoja. Sikutaka kumlea kwa kumpigia Jumapili na kumwuliza kama amekula.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilishuka kwa kinyozi kabla hajafungua vizuri. Alikuwa anapuliza mashine.

"Mathee, niaje? Leo ni wewe unanyolewa?" akasema kwa uchangamfu.

"Leo ni wewe," nikamwambia.

Nilimwambia yote, na sikumwambia polepole. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, akashika kichwa. "Mathee, haki sikuwa na ubaya. Nilipost tu ndio biz isonge. Hiyo ya stika si mimi." Akaifuta picha palepale. Lakini stika, akanieleza, haiko kwake peke yake. Iko ndani ya simu ya kila mtu aliyeihifadhi, na hakuna wa kuiita irudi. Kila mtu lazima afute yake mwenyewe.

"Niandike kwa grupu niwaambie wafute?" akauliza.

"Wakiambiwa wafute watafanya nini?"

Akafikiri. Anawajua wateja wake. "Watajibu na hiyo hiyo stika," akasema.

Hapo nikaamua. Kama stika iliingia nyumba kwa nyumba, itatolewa nyumba kwa nyumba. Gikomba nimewabembeleza watu wanunue sweta mwezi wa jua kali. Sitashindwa kumbembeleza jirani afute uso wa mtoto. Nilimweleza binti yangu mpango huo kupitia kwenye pazia. Pazia likajibu, "Mama, usiniaibishe zaidi."

Jumapili, baada ya kanisa na chakula, watu wakiwa wameshiba na wana huruma kidogo, nikapanda mpaka orofa ya juu kabisa nianze na mzee mchongaji. Ni mtu wa kwetu, kijiji chake na cha mama yangu vinapakana. Hapa Nairobi huchonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, ingawa mwenyewe, nikimwuliza, kifaru hajawahi kumwona. Akanikaribisha, akanisikiliza, akasikitika kweli.

"Mwanangu, mimi nilifikiri mtoto anapenda kujulikana," akasema. "Siku hizi si ndio wanapenda?" Akachukua simu afute. Ikamkatalia. Miaka ya patasi na msasa imeufanya ule ubapa wa kidole chake kuwa mgumu hata kioo hakimsikii. Akabonyeza, akafuta kwenye shati, akabonyeza tena. Nikamwuliza alikuwa akiitumaje basi. Akasema huwa anatumia ncha ya pua.

Mwisho akanipa simu. "Wewe una vidole laini. Iko hapo penye kile kiuso cha kutabasamu. Mshike, umtoe."

Niliiona. Alikuwa kati ya mbuzi anayecheza na mhubiri aliyeinua mikono. Sikuwa nimeshika simu ya kioo tangu Gikomba wanipokonye ya pili. Nikamgusa binti yangu polepole, nikikusudia kumshika na kumtoa. Simu ikalia kidogo, kwa furaha. Nikamwona ameruka juu, katikati ya grupu la ploti, analia.

 Chini yetu mlango ukafunguliwa, na mwingine, na mwiko ukaanza kugonga chuma cha ngazi. "Maji inaenda! Jazeni!" Ngazi ikajaa miguu. Mitungi ikagongana, sufuria zikaanguka, mtu akaita mtu atoke bafuni na ndoo. Na mzee mchongaji, ambaye stika ilitoka kwenye simu yake, mbele ya macho yake, aliinuka, akanyakua karai na kunipita mlangoni. Nami siwezi kumcheka sana, kwa maana mguu wangu ulikuwa umeshainuka pia. Nyumbani sikuwa na maji ya kuoshea vyombo.

Kwenye ngazi nikakutana na binti yangu anapanda, leso imemteleza, anapumua kwa nguvu. "Mama! Umefanya nini?"

"Nimekufuta," nikasema.

"Hujanifuta! Umenituma!"

Nikamtazama, naye akanitazama. Chini yetu ploti nzima ilikuwa inateremka na ndoo kwa sababu ya kidole changu. Mdomo wake ukaanza kucheza. Akajaribu kuuzuia, akashindwa, akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akashika tumbo, akalia machozi ya aina nyingine. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mwaka uanze, na nilikuwa tayari kuituma stika ile tena kama ingekuwa lazima.

Tukashuka pamoja. Penye tangi, keateka alikuwa amezungukwa. "Nani ametangaza?" alikuwa akisema, funguo zikilia. "Mimi sijatangaza! Maji iko!" Akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, na hilo likawaudhi watu zaidi. Mama mmoja alikuwa ameacha chapati jikoni. Wakaanza kutafuta aliyewadanganya. Mzee mchongaji, karai mkononi, akasema, "Ni mimi, lakini si mimi," na hakuna aliyemwelewa.

Nikageuza ndoo, nikasimama juu yake. Nilikuwa na hotuba. Niliitunga tangu Ijumaa, na ilikuwa na matusi yaliyopangwa vizuri, kila orofa na lake. Nikavuta pumzi. Ndipo nikahisi mkono unashika kitambaa changu kiunoni.

"Mama, wacha," akasema binti yangu. "Wacha mimi."

Hakupanda juu ya ndoo. Alisimama chini, na alipoivua leso kichwani watu wakanyamaza, kwa sababu uso ulikuwa ule ule wanaoujua, ila ulikuwa mkubwa, na ulikuwa unawatazama.

"Hiyo stika ni mimi," akasema. "Siipendi. Shuleni wananiita hivyo kila siku. Naomba mfute."

Hayo tu. Mimi ningehitaji robo saa na sauti ingekauka. Mtu mmoja nyuma akaanza kusema kwamba ulikuwa mchezo tu, lakini hakumaliza. Jirani yangu wa madera akasema kwa sauti, "Toeni simu." Zikatoka, kwenye mifuko, kwenye sidiria, moja ndani ya mtungi mtupu ambamo ilihifadhiwa isilowe. Na hapo ikajulikana kwamba hodari wa kutuma hawajui kufuta. Walikuwa wanabonyeza hapa na pale na kuogopa, wakikumbuka yaliyonipata.

Basi ikabidi awafundishe yeye. Wakakaa juu ya mitungi yao, naye akapita kwa mmoja mmoja. Kila mtu alimkabidhi simu yenye uso wake unaolia, naye akaushika, akangoja, akautoa, akarudisha simu. Wakubwa wale, mashemasi na makarani na wafanyabiashara wa jumla, walitazama miguu yao. Kinyozi alitoka kibandani akampa simu zake mbili bila kuambiwa. Wakati wote huo hakuna aliyecheka, na bomba lilikuwa wazi linamwaga maji chini, keateka akiwa amesahau kulifunga.

Alipofikiwa, keateka akaona shida yake. "Sasa mimi nitatangazaje?"

"Tukutumie wewe!" akadakia mama wa chapati, na kicheko kikalipuka. Simu zikainuliwa kumwelekea. Keateka, mtu wa kudai kodi bila kupepesa, akajifunika uso kwa funguo zake.

"Msimpige picha," akasema binti yangu. "Hajakubali." Simu zikashuka. Akamgeukia keateka kwa adabu. "Andika tu, baba. Hakuna maji. Ni maneno mawili."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Tulipanda, nikaosha vyombo vyangu. Kabla hatujawasha taa mulika mwizi ikalia. Alikuwa mama yangu.

Mama yangu, huko Kitui, ana simu kubwa kuliko yangu, aliyonunuliwa na kaka yangu. Ila mtandao wa data haufiki nyumbani kwake. Huupata Jumapili, akienda kanisani kilimani, na hapo ujumbe wa wiki nzima humwingilia kwa pamoja. Hakunisalimu.

"Kwa grupu ya kanisa nimeona mtoto wangu," akasema. "Yule mzee wa kuchonga ndiye ametuma, ati na huku kwetu kumekauka. Watu wamecheka. Mimi sikucheka. Analia nini?"

Niliketi kitandani, karibu na begi. Picha ile ilikuwa imepita ploti nzima, na shule nzima, na sasa hata kilima alichotaka kukimbilia. Wameiona wenye macho mazuri na simu nzuri. Nami nilikuwa nimezunguka siku mbili nikipigana na stika. Aliyeuliza mtoto analia nini alikuwa huyu mmoja, ambaye kusoma Biblia humshinda bila miwani.

 Nikampa mwenyewe simu.

Binti yangu huwa anajifanya hajui Kikamba. Ukimsemesha mbele ya wenzake atakujibu kwa Sheng na kukutazama kama mgeni. Siku hiyo alikijua chote. Alimwambia nyanya yake kwamba hakulia kwa sababu ya wembe wala mashine. Alilia kwa sababu mistari ile ilichukua mchana mzima kusukwa, na vidole vya Cucu vilikuwa vinauma, na Cucu alikuwa anapumzika na kuendelea. Alipoiona imeanguka chini ya kiti cha kinyozi, inakanyagwa, alimwomba amwokotee. Kinyozi hakusikia, kwa kelele ya mashine. Alikuwa anatafuta simu yake.

 Nikamsikia mama yangu, "Kumbe ni hilo? Hiyo mistari nilikuwa nimepindisha mmoja nyuma, nikanyamaza usijue. Njoo Alhamisi nikuone. Shule usiache, sitaki kukaa na mtu mzembe."

Jumatatu nilikwenda kumwona mwalimu wa ushauri. Alitaka kusema gwarideni mbele ya shule yote, lakini binti yangu akamwomba asifanye hivyo, asije akajulikana hata na wasiomjua. Mwalimu akamsikiliza. Aliwaita wahusika mmoja mmoja, kimya kimya, na wazazi wao baadaye. Jina halikufa siku moja. Ila binti wa jirani yangu alianza kumngoja asubuhi kwenye ngazi, waende pamoja, na kinyozi sasa huuliza kabla ya kupiga picha, hata kwa wenye vipara.

Alhamisi akaondoka na mzee mchongaji, aliyekuwa anaenda nyumbani. Alibeba lile begi, lote, na vile viatu juu yake. Sikumwuliza kama atarudi, kwa sababu niliogopa jibu. Niliuza sweta siku zile bila kumbembeleza mteja, mpaka mwenzangu wa kibanda akaniuliza kama ni malaria.

Jumapili jioni mulika mwizi ikalia. Nambari sikuijua. Nyuma ya sauti nilisikia makanga wa Pipeline wakiita abiria.

"Mama, ni mimi. Nimeazima simu hapa steji." Nikasikia anajizuia kucheka. "Kuna maji?"

Nikatazama mitungi yangu. Nikamwambia hakuna.

"Sawa," akasema. "Nakuja hivyo hivyo."

Nikajifunga leso, nikashuka ngazi zisizo na taa kwenda kumpokea, tochi yangu ikiwa imewaka.